Alikuwa na Deni Gani? Mjadala Kuhusu Carlos Vela

Mei 2025 Carlos Vela alitangaza kwamba ameacha kucheza mpira. Alikuwa na miaka 36, na klabu yake ya mwisho, LAFC ya Los Angeles, ikamfanya balozi wake. Wachezaji wengi wakistaafu habari huishia hapo, kwa pongezi na picha za zamani. Yake haikuishia hapo, kwa sababu kuna lawama iliyomfuata tangu akiwa kijana, na wengi wa Wamexico wenzake hawajaifuta hadi leo. Wanaomlaumu wanasema alijaliwa mguu wa kushoto ambao nchi ile huuona mara moja katika kizazi, kisha akautumia kwa kadiri alivyojisikia. Wanaomtetea wanasema mguu ulikuwa wake.

Hoja za pande zote mbili nimezisikia kwa watu wengi wanaofuatilia soka, na hapa nimezipa vinywa viwili. Mjomba amefundisha vijana mpira maisha yake yote na anaamini mchezaji wa aina ya Vela ni mali ya wote wanaomtazama. Mpwa, binti wa dada yake, ni mtangazaji wa michezo redioni. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MJOMBA: Mpwa wangu, mimi naanzia Lima, tarehe 2 Oktoba 2005. Fainali ya Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17. Mexico tatu, Brazil bila. Kabla ya siku ile Mexico ilikuwa haijapata kubeba Kombe la Dunia la rika lolote. Vela ndiye aliyefunga bao la kwanza, na alimaliza mashindano akiwa mfungaji bora kwa mabao matano. Ana miaka 16! Nawe unajua kijana wa umri huo anavyocheza: anakimbia na mpira, macho chini. Huyu alikuwa anamsubiri beki. Anamwacha achague upande, kisha anapita upande wa pili bila haraka. Nimefundisha vijana wengi, na utulivu wa namna ile sijaweza kumpa hata mmoja. Mtu huja nao. Sasa aliyekuja na kitu kama hicho, hana wajibu nacho?

MPWA: Lima naikubali yote, Mjomba. Ila tusogeze kalenda wiki chache mbele. Kabla mwaka haujaisha Arsenal walikuwa wamekwisha kumchukua kutoka Chivas ya Guadalajara. Chivas huchezesha Wamexico peke yao, kwa hiyo kulea vijana wa nyumbani ndiko kunakoiweka hai; na bado ilimwachia aende kabla hajaivaa jezi ya timu ya wakubwa hata mara moja. Hadi anastaafu, Vela hakucheza mechi hata moja ya ligi kuu ya Mexico. Mpira wake wote wa kulipwa aliucheza ugenini. Watu husimulia jambo hilo kama kituko tu cha kumbukumbu. Mimi naona mengine yote yanatokea hapo.

MJOMBA: Yanatokeaje? Arsenal ile ilikuwa ya Arsène Wenger. Msimu wa 2003–04 walimaliza ligi bila kufungwa. Kijana gani wa Cancún kama yeye angewakatalia?

MPWA: Hakuna. Lakini hakwenda Arsenal, Mjomba. Alisaini Arsenal, akaenda kwingine. Wakati ule Uingereza ilimtaka mchezaji wa kutoka nje ya Ulaya awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu ya taifa ya wakubwa katika miaka miwili iliyopita. Mtoto wa miaka 16 ataitoa wapi asilimia hiyo? Akanyimwa kibali cha kazi, na Arsenal wakampeleka Hispania kwa mkopo. Kwanza Celta Vigo, ambako hakupata mechi. Kisha Salamanca, daraja la pili, msimu wa 2006–07, akafunga mabao manane. Kisha Osasuna ya Pamplona, ligi kuu, mabao matatu. Kibali kikatoka Mei 2008. Kutoka Lima hadi London kuna zaidi ya miaka miwili na nusu, na katika muda huo wote kila kocha aliyempokea alijua kwamba huyu ni wa watu. Nani atajenga timu kumzunguka mchezaji atakayeondoka msimu ukiisha?

MJOMBA: Wengine walipita humo humo wakatoka wanaume. Hugo Sánchez alikwenda Atlético de Madrid mwaka 1981, akapokelewa kwa matusi viwanjani. Akawajibu kwa kuwa mfungaji bora wa Hispania mara tano, mara moja akiwa na Atlético na mara nne akiwa na Real Madrid. Msimu wa 1989–90 alifunga mabao 38, yote kwa mguso mmoja. Huyo naye alikuwa mgeni, au sivyo?

MPWA: Alikuwa mgeni mwenye miaka 23, bingwa wa Mexico mara mbili akiwa na Pumas, na amesomea udaktari wa meno chuo kikuu. Walipomtukana alikuwa anajua yeye ni nani. Rafael Márquez vivyo hivyo: kabla ya Monaco na Barcelona alikwisha kuwa beki wa kikosi cha kwanza cha Atlas. Hawa waliondoka nyumbani wakiwa wachezaji kamili. Vela aliondoka akiwa ahadi.

Hapa siwezi kunyamaza, maana hoja ya Mpwa ndiyo ninayoiona ikisahauliwa zaidi. Tunapozungumzia kipaji kilichopotea huwa tunamtafuta mpotezaji ndani ya mchezaji mwenyewe: uvivu wake, starehe zake, moyo wake mwepesi. Mara chache tunaangalia njia aliyopitishwa. Klabu tajiri inaweza kumnunua kijana wa miaka 16 kwa sababu ikikosea haiumii. Atakuwa jina moja katika orodha ndefu ya walio kwa mkopo. Kijana akikosea, au akikosewa, anapoteza miaka ambayo mwili na ufahamu wake wa mchezo vinakua kwa kasi. Miaka hiyo Vela aliitumia akisubiri muhuri wa ofisi ya uhamiaji. Anayetaka kumhesabia kilichopotea na aanzie hapo.

MJOMBA: Nasikia. Lakini kibali kilipotoka alionyesha nini? Septemba 23, 2008, Kombe la Ligi, Arsenal sita, Sheffield United bila. Vela mabao matatu, ana miaka 19. Uwanja mzima ulisimama. Usiku ule kila mtu aliona yaleyale ya Lima: mpira unapandishwa juu ya kipa polepole, kama anaurudisha kabatini. Kisha nini? Mechi 29 za ligi katika misimu mitatu, mabao matatu. Januari 2011 yuko West Bromwich Albion, kwa mkopo tena.

MPWA: Mbele yake walikuwapo Robin van Persie, Emmanuel Adebayor, Nicklas Bendtner, Theo Walcott, Eduardo, kisha akaja Andrey Arshavin. Nyingi ya hizo mechi 29 aliingia zikiwa zimebaki dakika chache. Fundi wa mpira haonekani kwa dakika kumi, Mjomba. Mkimbiaji utamwona. Mpiga vichwa utamwona. Anayehitaji kuisoma mechi kwanza, ajue beki huyu anaegemea mguu upi, atakuwa ndiyo kwanza anaanza kufikiri filimbi inapolia.

MJOMBA: Hilo nakupa. Mchezaji wa aina hiyo nami simweki benchi. Ama anaanza, ama simchukui.

MPWA: Basi tufike San Sebastián, kwa sababu huko alianza.

MJOMBA: Twende. Nako kuna la kusema.

MPWA: Real Sociedad ni klabu ya mji wa Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Kwa miongo mingi ilichezesha wenyeji peke yao, hadi mwaka 1989 ilipomsajili John Aldridge kutoka Liverpool, mwaka uleule aliozaliwa Vela. Baada ya miaka mitatu daraja la pili walirudi ligi kuu mwaka 2010, na mwaka uliofuata wakamchukua Vela kwa mkopo. Mkopo kama ile mingine, ila safari hii akapangwa kila wiki. Mabao 12 ya ligi msimu wa kwanza. Mwaka 2012 wakamnunua kabisa. Kisha ukaja msimu wa 2012–13, na nakuomba tukae hapo kidogo.

MJOMBA: Kaa.

MPWA: Kocha ni Mfaransa, Philippe Montanier. Kushoto yupo Antoine Griezmann, bado kijana. Katikati Imanol Agirretxe, nyuma yake Xabi Prieto, mwenyeji wa mji. Kulia ndipo alipo Vela, mwenye mguu wa kushoto upande wa kulia, ili akiingia ndani goli liwe mbele yake. Mtazame anavyopokea mpira. Anaupokea amesimama, karibu kabisa na mstari, beki amemkaribia. Hakimbii. Anausogeza kidogo kwa kisigino cha ndani, beki anatoa mguu, na tayari Vela yuko kwenye nafasi ambayo mguu ule umeiacha. Kisha anampa Prieto, anarudishiwa, na sasa mabeki wawili wametazama upande mmoja na Griezmann yuko peke yake upande wa pili. Alifunga mabao 14 ya ligi msimu ule, lakini nakwambia mabao yalikuwa sehemu ndogo. Timu nzima ilicheza kwa mwendo wake: polepole, polepole, halafu ghafla. Siku ya mwisho walishinda 1–0 ugenini La Coruña, bao la Griezmann, wakamaliza nafasi ya nne na kurudi Ligi ya Mabingwa baada ya miaka kumi. Kwenye mtoano wa kufuzu wakawafunga Lyon 2–0 kwao na 2–0 nyumbani. Yale mawili ya nyumbani ni ya Vela yote. Novemba 2013 akafunga manne peke yake dhidi ya Celta, timu ambayo ilikuwa naye akiwa mtoto na haikumchezesha.

MJOMBA: Unasimulia vizuri hata nasahau nilichokuja kusema. Ndiyo, nilimwona. Msimu ule wa 2013–14 alifunga mabao 16 ya ligi. Na hapo ndipo swali langu linapozidi ukali! Arsenal walikuwa wamebaki na haki ya kumnunua tena. Mwaka 2014 Sociedad walilipa kuifuta haki hiyo, na Vela akaongeza mkataba. Mtu mwenye miaka 25, anacheza mpira bora wa maisha yake, mlango wa klabu kubwa uko wazi, na anaufunga kwa hiari. Mwenzake Griezmann msimu huohuo aliondoka kwenda Atlético, akaja kuwa bingwa wa dunia. Walianza kwenye uwanja mmoja, Mpwa wangu. Mmoja alipanda, mwingine akakaa.

MPWA: Alikaa mahali ambapo, tangu akiwa na miaka 16, hakuna aliyekuwa amempa: mahali ambapo jina lake linaanza kuandikwa kabla ya mengine. Wewe unaona mlango wa klabu kubwa. Yeye aliwahi kupita mlango uleule na akakuta benchi.

MJOMBA: Na kushuka kwake baadaye je? Mabao matano ya ligi msimu wa 2015–16. Mei 2016 akakosa mazoezi kwa kusema anaumwa, kumbe usiku wa kabla yake alionekana kwenye tamasha la muziki Madrid. Klabu ikamchukulia hatua. Hilo nalo tulitie kwenye kibali cha kazi?

MPWA: Hapana. Hilo ni lake. Sikuja kumtakasa, Mjomba. Aliumia goti mwisho wa 2014 na hakurudi yuleyule kwa muda mrefu, lakini kutokwenda mazoezini ni kosa na liandikwe kwa jina lake.

MJOMBA: Vizuri. Sasa tufike penyewe. Timu ya taifa.

Nilijua watafika hapo, na msomaji pia alijua. Kwanza niseme jambo moja kwa sisi wa upande huu wa dunia, maana wengi wetu tulimwona Vela kwa mara ya kwanza siku moja: Juni 11, 2010, Soccer City, Johannesburg, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la kwanza barani Afrika. Tunalikumbuka bao la Siphiwe Tshabalala, na haki yetu. Kabla ya bao hilo Vela alikuwa amekwisha kuutia mpira nyavuni baada ya kona, bao lake likakataliwa kwa kuotea. Kipa Itumeleng Khune alikuwa ametoka golini, na nyuma yake amebaki mlinzi mmoja tu. Uamuzi ulikuwa sahihi na sheria yenyewe wengi hawaijui. Mechi ikaisha 1–1. Wakati ule Vela alikuwa na miaka 21 na alionekana kuwa ndiyo kwanza anaanza na jezi ile ya kijani.

MJOMBA: Miezi mitatu baadaye, Septemba 2010, Mexico ilicheza mechi ya kirafiki na Colombia mjini Monterrey. Baada ya mechi wachezaji wakafanya sherehe hotelini. Shirikisho likawatoza faini wachezaji kadhaa, na likawafungia wawili miezi sita: Vela na Efraín Juárez. Adhabu ikaisha 2011, akarudi kidogo, kisha akapotea. Akaitwa, akakataa. Akaitwa tena, akakataa. Mwaka 2012 wenzake wa rika lake wakaenda Olimpiki ya London, wakaifunga Brazil 2–1 pale Wembley, wakavaa dhahabu. Yeye hayupo. Mwaka 2013 Mexico ilikaribia kabisa kukosa Kombe la Dunia, ilibadilisha makocha wanne ndani ya wiki chache, ikaponea kwenye mechi za mtoano na New Zealand. Nyumba inaungua! Na mchezaji wake bora kuliko wote yuko San Sebastián anafunga mabao manne kwa mechi. Kocha Miguel Herrera akamwita kwa ajili ya Brazil 2014. Akakataa.

MPWA: Alisema hakuwa tayari kwa asilimia mia kichwani, na kwamba haikuwa haki kuchukua nafasi ya waliopigania kufuzu.

MJOMBA: Nimesoma alichosema. Sasa sikia kilichotokea. Mexico wakafika hatua ya mtoano, wakawaongoza Uholanzi hadi dakika ya 88, wakafungwa 2–1. Miezi minne tu baadaye, Novemba 2014, Vela akakubali kurudi, mechi ya kirafiki Amsterdam, na hao hao Uholanzi. Mexico wakashinda 3–2. Nani alifunga mawili? Niambie wewe mtangazaji.

MPWA: Vela.

MJOMBA: Vela. Kwa hiyo usiniambie hakuwa na cha kutoa. Tangu 1994 Mexico walikuwa wanatolewa katika hatua ya 16 bora kila Kombe la Dunia. Watu wa kule wanaililia mechi ya tano, yaani robo fainali, kama wanavyolilia mvua. Robo fainali wamefika mara mbili tu, 1970 na 1986, zote zikichezwa kwao. Mwaka 2014 zilibaki dakika mbili. Labda pasi moja ya mtu mtulivu ingetosha kuzimaliza hizo dakika. Mtu huyo alikuwapo, mzima, na hakutaka.

Sikuona Mpwa angejibu nini hapo, na sitajifanya kwamba jibu lipo lililokamilika. Wanaomtetea Vela huharakia kusema kwamba mchezaji si askari, na ni kweli, hakuna aliyemwandikisha. Lakini timu ya taifa ni kitu cha watu ambao hawana njia nyingine ya kukiingia. Shabiki wa Guadalajara hawezi kumnunua mshambuliaji. Anaweza tu kutumaini kwamba aliyezaliwa kwao atakuja. Anapokataa, shabiki ana haki ya kuumia, na maumivu hayo si ujinga.

MPWA: Nitakujibu kwa jina moja, Mjomba. Giovani dos Santos.

MJOMBA: Fundi mwingine. Nampenda.

MPWA: Lima 2005 walikuwa pamoja. Giovani alitoka Barcelona, akaenda Tottenham, akazungushwa kwa mikopo Ipswich, Galatasaray, Racing Santander. Njia ileile. Tofauti ni moja: Giovani alipoitwa alikwenda. Fainali ya Kombe la Dhahabu 2011 kule Pasadena aliifunga Marekani bao ambalo hadi leo linachezwa kwenye televisheni za Mexico. Olimpiki ya London alikuwapo. Na lile bao la kuongoza dhidi ya Uholanzi mwaka 2014 ni lake. Alitoa kila alichoombwa. Sasa niambie, watu wa kwao wakimzungumzia Giovani husemaje?

MJOMBA: …Husema angeweza kuwa mkubwa zaidi.

MPWA: Husema kipaji kilichopotea. Neno kwa neno kama la Vela. Basi, Mjomba, tatizo haliwezi kuwa ni nani aliitikia wito na nani hakuitikia. Vijana wawili walishinda kombe wakiwa watoto, na watu wazima wakaapa kwa majina yao kwamba hawa wataifikisha Mexico mbali. Wao hawakuapa chochote. Mmoja alilipa alichoweza, mwingine akakataa kulipa, na wote wawili wanadaiwa mpaka leo.

Hilo ndilo ninaloliamini mimi. Deni la Vela liliandikwa na wengine akiwa na miaka 16, na alikaa miaka karibu ishirini akiulizwa habari zake. Tena aliyeulizwa hivyo alikuwa mtu aliyesema waziwazi, zaidi ya mara moja, kwamba anapenda mpira wa kikapu kuliko soka, kwamba soka kwake ni kazi, na akifika nyumbani hataki kuitazama kwenye televisheni. Kauli hizo ziliwaudhi wengi. Mimi ziliniongezea mshangao: kwamba mtu ambaye hakuabudu mchezo aliuchezea kwa upole na ubunifu ule. Tumezoea kudhani uzuri hutoka kwa wenye njaa. Labda utulivu aliouona Mjomba kule Lima, ule wa kumsubiri beki, ulitokana na hilohilo: kijana ambaye mechi haikuwa kila kitu kwake.

MJOMBA: Kama ni hivyo, basi kocha anafanya nini na mchezaji asiyeupenda mpira?

MPWA: Bob Bradley, kocha wake LAFC, alimpa kitambaa cha unahodha.

MJOMBA: Aha. Los Angeles. Aliondoka Ulaya akiwa na miaka 28, kwenda klabu ambayo ilikuwa haijacheza hata mechi moja. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye hakucheza kwao, na Ulaya ilipoanza kumtunza akaenda kustarehe.

MPWA: Na wapi duniani, nje ya Mexico, pana Wamexico wengi kuliko Los Angeles? Alikuwa mchezaji wa kwanza kusajiliwa na LAFC, alifika Januari 2018. Jukwaa la kaskazini la uwanja ule linaimba Kihispania. Kwa mara ya kwanza katika mpira wa kulipwa alicheza mbele ya watu wanaolitamka jina lake kama mama yake anavyolitamka. Ukaja mwaka 2019. Mabao 34 ya ligi, rekodi; iliyokuwapo ilikuwa 31 ya Josef Martínez wa Atlanta. Pasi 15 za mabao juu yake. Siku ya mwisho ya msimu ndipo alipoivunja rekodi, kwa kufunga matatu dhidi ya Colorado. LAFC wakamaliza na pointi 72, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi ile hadi wakati huo, na akachaguliwa mchezaji bora. Agosti mwaka ule aliwafunga San Jose bao ambalo aliwapita mabeki mmoja mmoja ndani ya eneo la hatari, akampita na kipa, kisha ndipo akauweka wavuni. Tafuta video ulitazame. Halafu uniambie kama yule anastarehe.

MJOMBA: Nimelitazama. Zaidi ya mara moja. Lakini ligi ile si Hispania, Mpwa wangu, nawe unajua. Mabeki wale wanampa nafasi ambayo Madrid hawampi.

MPWA: Ni kweli. Ndiyo maana sisemi alikuwa sawa na Hugo Sánchez. Nasema mwaka 2022 aliinua kombe la ligi akiwa nahodha, baada ya fainali ya 3–3 na Philadelphia na mikwaju ya penalti. Na klabu ambayo haikuwa na historia yoyote sasa ina historia, na ukurasa wake wa kwanza ni yeye.

MJOMBA: Na Urusi 2018 kabla ya hapo. Hilo nitakusaidia mwenyewe, maana mimi ni mtu wa haki. Moscow, Mexico moja, Ujerumani bila, mabingwa watetezi. Bao la Hirving Lozano. Lakini kocha Juan Carlos Osorio alimweka Vela nyuma ya mshambuliaji na kumpa kazi ya kumbana Toni Kroos. Yule unayesema haupendi mpira alimfuata Kroos kila mahali karibu saa nzima, kisha akatolewa. Mechi iliyofuata akafunga penalti dhidi ya Korea Kusini. Nilipomwona siku ya Wajerumani nilisema: kumbe bidii alikuwa nayo.

MPWA: Alikuwa nayo. Mechi 72 na mabao 19 kwa taifa, Mjomba, si za mtu aliyekimbia. Wengi walioitwa wazalendo hawafiki hapo.

MJOMBA: Lakini 2014 siisamehi.

MPWA: Usiisamehe. Una haki nayo. Ila iache iwe 2014. Usikichukue kiangazi kimoja ukakimwagia Lima, na San Sebastián, na Moscow, na Los Angeles.

MJOMBA: Na kijana wangu mwenye kipaji akija kesho kuniambia kocha, mimi napenda kikapu?

MPWA: Mpange namba saba, Mjomba, na umwanzishe.